Sura ya Saba: Mtiifu Ndiye Anayengojeshwa

Katika kila bunduki 100 zilizo mikononi mwa raia nchini Kenya, serikali inaijua moja tu. Hesabu hiyo inatokana na makadirio ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, yaliyochapishwa mwaka 2018. Raia wa Kenya walikadiriwa kuwa na bunduki 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa 8,136. Zilizobaki, zaidi ya 740,000, hazina karatasi, na wenyewe hawajawahi kuketi mbele ya afisa yeyote wa leseni wakaulizwa swali.

Hata hivyo, kila mara nchi inapotikiswa na kisa cha risasi, wakubwa hukimbilia zile 8,136. Wenye leseni wapigwe msasa upya! Waombaji wachunguzwe zaidi! Muda wa kungoja urefushwe! Kauli hizo zinasikika vizuri kwenye taarifa ya habari ya saa moja jioni, na aghalabu hakuna anayesimama kuzipinga. Katika sura hii nazipinga. Nasema kwamba kuongeza tabaka za uchunguzi na miezi ya kungoja kwa Mkenya anayetaka kununua bunduki kwa njia ya halali hakumpunguzii mhalifu hata risasi moja. Mzigo wote unamwangukia mtu mmoja tu, yule aliyeamua kufuata sheria. Na mtu huyo akiwa anaishi mashambani, mzigo humlemea maradufu.

Ndiyo maana nataka tulitazame jambo hili tukiwa Mitaboni, wala si Kilimani au Karen.

Safari ya faili

Mitaboni ni soko la vilimani katika eneobunge la Kathiani, kaunti ya Machakos, upande wa milima ya Iveti. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya kanisa la Africa Brotherhood Church, lililoanzishwa mwaka 1945. Watu wake ni wakulima wa mahindi, maharagwe na kahawa, walimu, waendesha bodaboda na wafanyabiashara wadogo. Hapa si nchi ya vita. Lakini hapa pia kuna mlinzi wa usiku anayekesha kwenye ghala akiwa na rungu, tochi na, ikiwa ni mzee wa zamani, upinde na podo la mishale. Askari wa kampuni binafsi za ulinzi nchini mwetu hawabebi bunduki. Wezi wanaokuja usiku kwa pikipiki huenda wanayo.

Tumchukue mwenye duka la jumla sokoni hapo. Anauza unga, mabati, misumari na mbolea, na kwenye kona ana kibanda cha wakala wa M-Pesa. Wateja wake huwahudumia kutoka nyuma ya nondo, kama yalivyo maduka mengi ya mashambani: pesa zinapita kwenye kitundu, bidhaa zinapita kwenye kitundu. Jioni anashusha mlango wa chuma, anatia makufuli mawili, anaingiza mauzo ya siku kwenye mkoba na kwenda nao nyumbani, kwa kuwa benki zimefunga na ziko mbali. Mtaa mzima unajua saa anayofunga, unaijua njia anayopita, na unajua kwamba mkobani hamna vitabu.

Mtu huyu hana rekodi ya jinai. Hanywi. Analipa ushuru na ni mzee wa kanisa. Siku moja anaamua kuomba leseni ya bastola. Je, sheria inamtaka nini?

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka aonyeshe sababu nzuri ya kumiliki silaha. Inamtaka afisa aridhike kwamba mwombaji anaweza kupewa silaha bila hatari kwa usalama wa umma wala amani. Inakataza kabisa mlevi, mtu asiye na akili timamu na yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha. Na tangu sheria za usalama zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014, uamuzi uko mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha.

Kwa karatasi ni sentensi chache. Kwa miguu ni safari ndefu. Anaanzia kituo cha polisi cha eneo lake. Anachukuliwa alama za vidole na kuomba cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Anapimwa afya ya akili. Anafundishwa kulenga na kuitunza silaha. Anaandika kwa nini anaitaka. Faili linapita mikononi mwa wakuu wa usalama wa kaunti ndogo, halafu wa kaunti, halafu linapanda Nairobi, kilomita 63 kutoka mjini Machakos. Kila kituo kina afisa ambaye huenda yuko mkutanoni, yuko likizoni, au amehamishwa jana na aliyechukua nafasi yake bado anajifunza kazi. Kila safari ni nauli, na ni siku ambayo duka limefungwa. Mwombaji hajui jibu litatoka lini, na likiwa la kukataliwa huenda asijue sababu. Akifanikiwa, silaha yake itakuwa na namba, na yeye atakuwa na jina ndani ya daftari la serikali ambamo kila mwaka atalazimika kurudi.

Mtu wa pili ni mhalifu, na njia yake ni tofauti. Anamjua mtu anayemjua mtu. Bunduki yake imevuka mpaka wa Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia au Uganda, au ameikodi kwa usiku mmoja kutoka kwa askari mpotovu. Hakupimwa akili wala kuchukuliwa alama za vidole. Alilipa na kuondoka nayo.

Sasa niambie, ukiongeza fomu mbili na siku 60 za kungoja, ni yupi kati ya hawa wawili utakayekuwa umemzuia? Ni kuongeza makufuli mlangoni huku ukuta wa nyuma umebomoka, kisha kumlaumu anayeingia kwa mlango.

Nisieleweke vibaya. Sipingi uchunguzi wenyewe. Mtu mwenye historia ya kumpiga mkewe asipewe silaha. Mlevi asipewe. Mwenye kesi ya wizi wa mabavu asipewe. Sheria tuliyo nayo tayari inatoa nafasi ya kuwakataa hao wote, tena kwa maneno mapana kuliko ya nchi nyingi. Ninachopinga ni ile imani kwamba kila tukio baya ni ushahidi kuwa uchunguzi hautoshi, na kwamba raia mwema anaweza kungojeshwa bila mwisho kwa kuwa subira huvuta heri. Wahenga waliosema hivyo walisema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

Sheria hii ilizaliwa wapi

Kuna sababu kwa nini sheria zetu za silaha zinamtazama mwananchi kama mshukiwa. Ukifuata nyayo zake utafika mahali ambapo mwananchi hakuwa mwananchi.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kutia saini mkataba uliozuia biashara ya bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki zilikuwa zimeilisha biashara hiyo. Lakini mkataba huo ulikuja wakati uleule ambapo mataifa hayo yalikuwa yakiligawana bara. Afrika ilizuiwa kununua, na waliokuja kuitawala wakaja na zao. Wakamba, ambao misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka Mombasa katika karne ya 19, walijikuta wanatawaliwa kutoka ngome ya Machakos na kampuni ya Kiingereza yenye bunduki ambazo wao hawangeruhusiwa kuwa nazo.

Maneno ya sheria yenyewe tuliletewa kutoka Uingereza. Masharti ya "sababu nzuri" na "bila hatari kwa usalama wa umma wala amani" yalikuwa katika Sheria ya Silaha ya Uingereza ya mwaka 1920. Sura yetu ya 114 ilitungwa mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imetangazwa Oktoba 1952. Katika miaka hiyo, Mwafrika kukutwa na bunduki lilikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kwenye kitanzi mnamo Februari 18, 1957 lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Mlowezi wa jirani aliweza kulala na bunduki chini ya mto, na sheria ikamlinda.

Watu wa Machakos wana sehemu yao maalumu katika historia hiyo. Wakamba walikuwa miongoni mwa makabila yaliyotoa askari wengi zaidi katika King's African Rifles na katika polisi ya kikoloni. Kijana kutoka vilima vya Iveti aliaminiwa kubeba bunduki ya mfalme katika misitu ya Burma. Aliporudi nyumbani na kuvua sare, hakuaminiwa kuwa na yake ya kulinda boma.

Serikali hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuwaonyesha namna inavyoiona mali yao. Mwaka 1938 iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe kupita kiasi, ikawakamata ng'ombe hao na kuwauza kwa lazima. Muindi Mbingu wa Ngelani aliwaongoza watu wake kwa miguu hadi Nairobi kumkabili gavana. Walikaa huko kwa wiki kadhaa. Yeye alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa siasa, lakini uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Leo mtaa mkubwa wa Nairobi unaitwa kwa jina lake. Funzo aliloacha ni kwamba mtawala anapokuambia anakupunguzia mali kwa faida yako mwenyewe, una haki ya kudai hesabu.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka 2010 tukajiandikia katiba mpya. Ibara ya 40 inalinda mali. Ibara ya 47 inasema kila mtu ana haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa njia ya haraka, halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Lakini katika ofisi ya leseni za silaha, roho ya 1953 bado inaketi kitini. Mwombaji ni mshukiwa mpaka athibitishe vinginevyo, na saa ya kuthibitisha haina mwisho.

Hoja iliyotoka ng'ambo

Wanaotaka muda wa kungoja urefushwe hapa kwetu huazima hoja kutoka Marekani, kwa hiyo tuitazame kwa haki.

Marekani ilipitisha Sheria ya Brady mwaka 1993. Kuanzia Februari 1994, aliyenunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni, katika majimbo ambayo hayakuwa na mfumo wake wa uchunguzi, alingoja siku 5 ili achunguzwe. Novemba 1998 mfumo wa kompyuta wa taifa ulianza kazi, na uchunguzi ukawa wa dakika chache kwa wanunuzi wengi. Tangu hapo mabishano yao yamekuwa juu ya mambo mawili: je, hata anayeuziana na jirani yake apitie uchunguzi huo? Na je, siku za kungoja zirudishwe? Mwaka 2013, baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook, mswada wa kupanua uchunguzi ulishindwa katika Seneti. Ulipata kura 54, na ulihitaji 60.

Watetezi wa kungoja wana ushahidi, na sitauficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ulikadiria kwamba sheria za kungoja hupunguza mauaji ya bunduki kwa takriban asilimia 17. Mantiki yake ni kwamba mtu mwenye hasira akiingia dukani saa nne asubuhi, asitoke na bunduki saa nne na nusu. Siku chache humpa nafasi ya kupoa.

Lakini tafadhali, mwenye hasira gani wa Mitaboni ataingia dukani leo na kutoka na bastola leo? Duka lenyewe halipo. Muuzaji wa halali hawezi kumuuzia mtu asiye na cheti, na cheti chenyewe huja baada ya bodi na ofisi tulizozitaja. Kenya tayari ina muda wa kungoja unaoyashinda majimbo mengi ya Marekani kwa mbali. Hata kuuziana kati ya raia na raia, jambo wanalogombania wao, kwetu kumefungwa na sharti la cheti tangu zamani. Dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wa Texas haiwezi kuandikiwa mgonjwa wa Machakos bila kumpima.

Na huko huko Marekani kuna upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2015 mwanamke mmoja wa mji wa Berlin, jimbo la New Jersey, alikuwa amepata amri ya mahakama ya kumzuia mpenzi wake wa zamani asimkaribie. Akafunga kamera nyumbani, kisha Aprili 21 akaomba kibali cha bunduki. Sheria ya jimbo iliwapa polisi siku 30 kumjibu. Siku hizo zilipita bila jibu. Juni 3, yule mwanamume alimuua kwa kisu mbele ya nyumba yake, kibali kikiwa bado ofisini. Takwimu huhesabu aliyezuiwa kufanya uovu. Ni nadra kumhesabu aliyenyimwa nafasi ya kujikinga.

Msasa wa mwaka 2018

Hatuna haja ya kubahatisha jinsi uchunguzi zaidi unavyofanya kazi Kenya. Tumeujaribu. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alitangaza kwamba kila raia mwenye leseni ya silaha ajitokeze upya kupigwa msasa katika muda wa siku 90, la sivyo apoteze leseni. Serikali ilieleza kwamba kulikuwa na leseni bandia na nyingine zilizotolewa kinyume cha utaratibu.

Tafakari maana yake. Ikiwa leseni zilitolewa kinyume cha utaratibu, kuna aliyezitoa, na aliyezitoa alikuwa na ofisi na mhuri. Utaratibu ulikuwepo na uchunguzi ulikuwepo, ila vilikuwa vinauzwa. Kisa kama hicho dawa yake ni kumshtaki aliyeuza na aliyenunua. Badala yake waliopangwa foleni ni wote, pamoja na mkulima aliyefuata kila hatua miaka 10 iliyopita. Huko ndiko kusema samaki mmoja akioza wote wameoza, na katika haki za watu msemo huo haufai kuwa sheria.

Wiki chache tu baada ya tangazo hilo, Januari 15, 2019, magaidi walivamia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21. Miongoni mwa waliokimbilia huko kuokoa watu alikuwa Inayat Kassam, raia mwenye leseni na mkufunzi wa silaha. Haikuwa mara yake ya kwanza. Septemba 21, 2013, siku ya shambulio la Westgate lililoua watu 67, yeye na raia wengine wenye leseni, pamoja na askari wachache, waliingia ndani ya jengo lile wakati vikosi vya serikali vilikuwa bado havijajipanga. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao. Aliingia na bastola kumtafuta ndugu yake na akaishia kuwatoa watoto na mama zao kwenye risasi. Watu walio hai leo wako hai kwa sababu Mkenya fulani alikuwa na silaha ya halali kiunoni na alijua kuitumia.

Najua nitakachoulizwa, nacho ni cha haki. Januari 2020, katika klabu moja ya Kilimani, DJ alipigwa risasi shingoni, na mbunge mwenye silaha ya leseni akafikishwa mahakamani. Je, hicho si kisa cha kudai uchunguzi zaidi? Angalia tarehe. Kilitokea baada ya msasa wa nchi nzima. Desemba 2021 huko Kabete, askari polisi alimuua mkewe na watu wengine kwa bunduki ya serikali kabla ya kujiua. Askari huajiriwa kwa uchunguzi, hufunzwa kwa miezi, na hukabidhiwa silaha chini ya usimamizi wa kila siku. Hakuna fomu inayosoma moyo wa mtu mwaka mmoja kabla haujageuka. Kinachoweza kufanyika ni kuwa mkali juu ya mwenendo: anayeingia baa na bunduki apokonywe leseni siku hiyo hiyo, anayemtishia mkewe apokonywe silaha saa hiyo hiyo. Hapo ndipo ukali wa dola ungeokoa maisha, na hapo ndipo tunapoukosa.

Walioitikia wakaachwa wazi

Historia ya karibu ya Afrika Mashariki ina fundisho moja kubwa kuhusu kuwabana watiifu, na limeandikwa kwa damu ya wafugaji.

Mwaka 2001 serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki Karamoja. Wabokora, jamii ya wafugaji wa huko, walikuwa miongoni mwa waliosalimisha silaha zao, wakiamini kwamba jeshi litawalinda. Jirani zao waliobaki na bunduki wakawavamia na kuwamaliza mifugo. Aliyetii aligeuka windo.

Mwaka 2019 Kenya ilirudia kosa hilo. Serikali iliwanyang'anya bunduki polisi wa akiba wa Bonde la Ufa, kwa maelezo kwamba baadhi yao walikuwa wakizitumia vibaya. Watu hao walikuwa wenyeji, wanaojua kila bonde na kila kisima, na bunduki zao zilikuwa na namba katika daftari la serikali. Za majangili hazikuwa na namba, hivyo zilibaki. Miaka iliyofuata, vijiji vya Baringo, Laikipia na jirani zake vilishambuliwa tena na tena, shule zikafungwa, familia zikahama. Februari 2023 ilibidi jeshi lipelekwe, na serikali ikaajiri tena polisi wa akiba kama wale iliokuwa imewavua silaha.

Mitaboni si Kapedo, kimojawapo cha vijiji hivyo vya Bonde la Ufa, na simwombei yeyote wa Mitaboni aishi kama watu wa Kapedo. Lakini kanuni ni ileile. Dola isiyoweza kumfikia mhalifu haina haki ya kujifariji kwa kumbana anayefikika. Huyo anafikika kwa sababu alijileta mwenyewe kituoni, akatoa alama za vidole, akaandika jina lake.

Kinachopaswa kufanywa

Wenye mawazo tofauti nami watasema kwamba bunduki za halali ni chache Kenya kwa sababu sheria ni ngumu, na tukiilegeza tutafanana na Marekani. Sijaomba vigezo vilegezwe. Mtu asiyefaa leo asifae kesho. Wala sidhani kila nyumba ya Mitaboni itakimbilia bastola. Wengi hawataitaka, kwa bei, kwa dini, au kwa kuwa wana watoto wadogo na wameona heri mbwa na taa. Huo ni uamuzi wao, na ni uamuzi mzuri. Nadai tu kwamba anayefaa na anayehitaji apewe jibu kama raia.

Kwanza, sheria iweke siku. Ofisi ipewe muda uliotajwa wa kumaliza uchunguzi, na ikishindwa, ieleze kwa maandishi imekwama wapi. Mzigo wa uzembe wa ofisi usibebwe na mwombaji.

Pili, huduma ishuke. Tuna kaunti 47. Hakuna sababu ya mwombaji wa Kathiani, wa Lodwar au wa Kwale kuutegemea mlango mmoja wa Nairobi kwa jambo ambalo wanaomjua ni majirani, chifu na polisi wa kwao.

Tatu, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa mbele ya mtu ambaye si yule aliyemnyima. Katiba imekwisha kuagiza hivyo. Kilichobaki ni kutii.

Nne, uchunguzi ufanywe mara moja na ufanywe kikamilifu. Baada ya hapo mwenye leseni apimwe kwa mwenendo wake. Misasa ya kutangazwa kwenye televisheni ikome.

Tano, nguvu, pesa na maafisa waliokuwa wanahesabu upya bunduki 8,136 waelekezwe kwa zile 740,000. Wapelekwe mipakani, wapelekwe kwenye maghala ya silaha za serikali zinakovuja, wapelekwe kwa wanaokodisha bunduki kwa usiku mmoja. Mwaka 2016 serikali iliteketeza zaidi ya silaha haramu 5,000 kule Ngong, na ilistahili pongezi. Lakini 5,000 katika 740,000 ni chini ya moja katika mia. Kazi haijaanza.

Msomaji wangu, ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lisikilize wananchi kabla ya kupitisha mswada. Wakati mwingine tangazo la maoni ya umma kuhusu sheria ya silaha litakapotoka gazetini, usiliache kwa mawakili wa Nairobi na mashirika yenye ofisi Westlands. Andika ukurasa mmoja, wewe au chama chako cha wakulima au kanisa lako, muutume kabla ya siku ya mwisho. Waambieni wabunge kwamba mnataka mhalifu asakwe, na kwamba raia aliyefuata sheria asiendelee kuwa ndiye pekee anayelipia makosa ya wengine.